Safari ya Shavu la Zulfa

Nianze na upumbavu wangu, maana nyinyi watano mnaoniuliza kilichotokea mlikuwepo. Nisipousema mimi mtausema nyinyi, tena kwa chumvi nyingi.

Mimi ndiye niliyekuwa nampindua Zulfa. Pale nyuma ya nyumba yetu Gihundwe, kwenye ukuta mfupi wa bafu, nilimshika miguu kichwa kikiwa chini, nikahesabu mpaka ishirini, na shavu lake la kushoto likajaa kidogo kidogo kama mpira unaotiwa pumzi, likawa na rangi ya buluu. Nikimrudisha juu, linanywea. Mlikuwa mnaiita sirki, sarakasi yetu. Kiingilio andazi moja kila mtu. Nusu yangu, nusu ya Zulfa. Na Zulfa alikuwa anacheka kuwashinda nyinyi. Ana miaka sita, na hapakuwa na watu wengine waliomtazama shavu lile bila kugeuza macho, kwa hiyo alituona sisi ndio watu wazuri.

Kwetu shavu hilo halitajwi. Mama alimfunga mtandio tangu hajajua kutembea, ukavutwa mbele mpaka pembeni mwa mdomo. Wamama wa msikitini humsifu: mtoto mdogo hivi, adabu kubwa hivi! Mama huitikia na kunyamaza. Papa, baba yetu, fundi cherehani wa soko la Kamembe, ndiye anayeishona mitandio yenyewe, na Zulfa anayo mingi kuliko magauni. Mama alitupa sheria moja tu: "Muntu asiangalie pale. Jicho inakuza kitu." Na yeye mwenyewe aliifuata. Nimemwona akimuogesha Zulfa huku macho yake yako ukutani.

Jumapili ile ya mwisho nilihesabu mpaka sitini. Mlikuwa mnapiga makofi, nami nikipigiwa makofi akili hutoka. Asubuhi ya kesho yake shavu halikunywea. Ndani yake palikuwa na kitu kigumu kama punje ya harage, na Zulfa hakuweza kutafuna. Hakulia. Zulfa halii, kwa sababu alifundishwa kwamba akilia watu watamwangalia. Alinivuta shati akaniambia, "Yaya, ile kitu imekwama." Yaya ndiye mimi, kaka mkubwa.

Sikumwambia Mama. Nyinyi mliapa kwamba hamtasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwenu mkatimiza. Huo ndio mzigo niliopanda nao basi.

Kamembe, kabla basi halijaondoka

Mama alikuwa na mipango miwili. Wa kwanza ulikuwa Kigali, kwa daktari wa watoto ambaye hospitali ilituelekeza kwake baada ya Zulfa kushindwa kutafuna. Wa pili ulikuwa Nyakabuye, kwa mzee mmoja anayechanja kwa wembe na kunyonya damu kwa pembe ya ng'ombe. Wa pili ndio aliouamini zaidi, nanyi msimcheke. Zulfa alipokuwa mchanga, muuguzi mmoja alimwambia alama za namna hiyo huisha zenyewe kabla mtoto hajaanza shule. Mama akangoja. Zulfa akaanza shule.

"Kama Kigali banasema tena tungojee," alimwambia Papa, "Jumamosi sitafika hapa nyumbani. Nitapita moja kwa moja Nyakabuye na mutoto."

Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya Kiingereza. Tuliambiwa daktari huyo ni mgeni. Mama alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kinyarwanda chake ni cha sokoni, kizuri kwa kununua nyanya. Kiingereza hana. Papa alinisindikiza mpaka gare, kituo cha mabasi, akaniweka pembeni karibu na wauza maji.

"Shabani, leo apana michezo. Neno ya dokta ifike kwa mama yako vile imetoka. Na ya mama yako ifike kwa dokta vile imetoka. Usikate, usiongeze."

"Ndiyo, Papa."

"Nakujua weye."

Basi lilikuwa liondoke saa moja. Liliondoka saa tatu, sababu ya kikapu cha sambaza waliokaushwa. Mwenye kikapu alikuwa mama mfanyabiashara kutoka Bukavu, mnene, mcheshi, aliyejitambulisha kwa basi zima kama Maman Faida. Abiria mmoja mwenye tai alisema hawezi kufika Kigali akinuka samaki. Maman Faida akamjibu, "Papa, hiyo tai yako inanuka kuliko sambaza yangu, na sikusema kitu." Kondakta akakitia kikapu nyuma, wakakitoa, wakakirudisha. Mwishowe kikakaa miguuni mwake, naye akakaa jirani yetu.

Aliona mtandio wa Zulfa umetuna upande mmoja. "Huyu mutoto ana nini mudomoni?"

Mdomo wangu huwa unatangulia. "Ameficha andazi, Maman. Tangu Ijumaa."

Akacheka. Zulfa akacheka. Mama alinikata jicho. Nilidhani limeishia hapo.

Nyungwe

Tulipoingia msituni mvua ilianza, na ukungu ukashuka mpaka usione mti wa pili. Baridi ya Nyungwe mnaijua, inaingia kwenye meno. Baada ya kona nyingi basi likasimama. Mlima ulikuwa umeporomoka, udongo na mti mzima vimelala barabarani. Wanaume wenye majembe walikuwa wameshaanza kazi, na askari mmoja akapita akituambia tusishuke ovyo.

Tulikaa pale saa tatu nzima. Pembeni mwa barabara kulikuwa na tumbili mwenye ndevu nyeupe, amekaa kama mwalimu wetu wa hesabu siku ya kurudisha mitihani, anatuangalia na kutuhurumia. Nilimwonyesha Zulfa. Akasema, "Huyu ameficha maandazi mbili."

Maman Faida alikumbuka andazi langu. Alikuwa amewaza jambo hilo njia nzima, kumbe alinisadiki! Alimwinamia Zulfa kwa upole wa bibi: "Binti, meza sasa, itakukaba. Hata kama imeoza, meza tu." Zulfa akatikisa kichwa. Maman Faida akaona ni ukaidi, akanyoosha mkono, akafunua mtandio.

Watu wote wa viti vile wakaona. Mwenye tai akageukia dirisha. Mama aliurudisha mtandio haraka mpaka pini ikamchoma kidole.

"Samahani, Maman," alisema Maman Faida, na sauti yake kubwa ikawa ndogo. "Kijana aliniambia ni andazi."

Mama hakuniangalia. Ningependa angeniangalia.

Kisha Maman Faida akaanza tena, taratibu, kama mtu anayelipa kosa. "Mutoto ya dada yangu alikuwa nayo kama hii. Kwenye mukono. Banamuchanja. Banaingiza pembe, damu mubaya yote inatoka."

"Alipona?"

"Damu ilitoka siku mbili. Alipona."

Mama alisikia alipona. Mimi nilisikia siku mbili. Nilitazama shingo ya Zulfa, nyembamba kama ya kuku, nikajiuliza ana damu ya siku ngapi.

Muda si mrefu kona zikamgeukia Zulfa tumboni, ingawa basi lilikuwa limesimama. Nikafungua mfuko wa plastiki, akainama kutapika. Na kwa kuwa aliinama, nikaliona shavu linajaa chini ya kitambaa, kama nyuma ya bafu, isipokuwa safari hii hakuna aliyepiga makofi na Zulfa alikuwa anasaga meno kwa maumivu. Nilimshika paji la uso nikamwinua kichwa. Likashuka kidogo. Lile harage gumu halikushuka.

Mama alikuwa amegeuza uso dirishani, kama kawaida yake. Alipogeuka kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshakaa begani mwangu.

"Asante, Shabani," alisema.

Nimeshachapwa na Papa kwa mkanda wa cherehani. Hauumi kama asante ile.

Huye na mbele yake

Walipofungua upande mmoja wa barabara tulipita tukinyata, na tulipofika Huye njaa ilikuwa imeshatutia ukichaa. Basi likatupa dakika kumi na tano. Moshi wa nyama ya mbuzi ulitupokea mlangoni. Nilimwangalia Mama kwa macho ya yatima.

"Nani alichinja?"

"Mama, mbuzi mwenyewe ameshakufa, hawezi kujibu."

"Basi na weye hutakula."

Tulinunua mayai ya kuchemsha, ndizi za kuiva na parachichi. Mwenye tai alikula mishikaki minne mbele yangu, polepole, na nilijua ananilipizia jambo ingawa si mimi niliyemtukana. Zulfa hakuweza kutafuna yai. Nililiponda parachichi kwa kijiko cha plastiki ndani ya kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kimoja, naye akameza kwa upande wa kulia. Parachichi zima lilituchukua mpaka Nyanza.

"Yaya," aliniuliza sikioni, "dokta atatoa ile kitu?"

"Atatoa."

"Utamwambia ilikwamia wapi?"

Nilijifanya nasinzia. Mpaka Muhanga nilijifanya nasinzia, na mjue ni kazi ngumu kujifanya unasinzia mtoto anapokufungua jicho kwa kidole.

Biryogo

Tulifikia kwa Mama Mdogo Mwajuma, mdogo wake Mama, anayeuza chai na chapati mlangoni kwake Biryogo, mtaa wa Kigali. Watoto wake walicheka Kiswahili chetu. Mimi nilicheka kiatu cha mkubwa wao kilichofungwa kwa waya, tukawa ndugu.

Mama Mdogo alimvua Zulfa mtandio bila kuuliza, kwa kuwa joto lilikuwa kali. Akasimama na kitambaa mkononi.

"Dada, miaka sita. Mimi ndugu yako. Sijawahi kuliona."

"Ulitaka kuona nini?"

"Mutoto wa dada yangu. Nilitaka kuona mutoto wa dada yangu."

Mama aliuchukua mtandio, akamfunga tena. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kama daktari angeuliza swali lolote kuhusu shavu lile, ni mtu mmoja tu katika ukoo mzima angeweza kulijibu.

Chumba cha daktari

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, nywele fupi zenye mvi, ana viatu vya mpira kama vya mtu anayekwenda shambani. Muuguzi wa kike aliyekuwa akitafsiri aliitwa chumba kingine, kwa hiyo Kiingereza kikabaki mikononi mwangu. Mwanzoni nilijisikia waziri.

Aliuliza kama alama ilikuwepo siku Zulfa alipozaliwa. Mama akajibu bila kufikiri: "Ilikuwepo. Saa ileile. Ya buluu, kama kidole gumba kimechovywa kwenye wino. Nilijaribu kuifuta." Nikatafsiri vile ilivyotoka. Daktari akaandika, akaonekana kuridhika. Akauliza kama ilikua haraka miezi ya kwanza halafu ikaanza kupungua. Mama akasema hajui kupungua. Imekua na mtoto.

Kisha akataka kulishika. Zulfa akaruka nyuma ya kiti. Tangu lile harage liingie, hakutaka hata upepo umguse. Daktari alifanikiwa kuweka ncha ya kidole mara moja, akakutana na kile kigumu, na uso wake ukabadilika.

"Muulize mama," aliniambia. "Mtoto akilia, au akiinamisha kichwa, linakuwa kubwa?"

Nikatafsiri. Neno kwa neno.

"Apana," alisema Mama. "Hata siku moja. Iko vile vile."

Hakudanganya. Hilo ndilo alilolijua. Zulfa halii, na akiinama Mama huangalia ukuta.

Daktari alikuwa ananisubiri. Hapana kwa Kiingereza ina herufi mbili tu. Ningeitoa na Papa asingekuwa na la kunilaumu, neno la Mama lingefika vile lilivyotoka. Nikaanza kuliandaa. Daktari, akidhani sijaelewa swali, akaniambia taratibu kwa nini anauliza: kama halibadiliki, na ndani kuna kitu kigumu kipya kinachouma, basi itabidi akate kipande kidogo akichunguze, kwa kuwa kuna uvimbe mbaya unaoanza hivyo.

Akate. Nilimwangalia Zulfa nyuma ya kiti. Alikuwa amenyanyua nyusi zake zote mbili, anangoja nimwambie daktari ilikwamia wapi.

"Mama anasema hapana," nilisema kwa Kiingereza. "Lakini si kweli. Linajaa. Mimi najua, kwa sababu huwa nampindua."

Daktari akaweka kalamu chini. "Unampindua?"

"Kichwa chini. Watu waangalie."

Nikamwambia yote. Ishirini, halafu sitini. Rangi. Kwamba linajaa polepole na kunywea polepole. Kwamba halidundi, kwa sababu mmoja wenu, mnamjua, aliwahi kuweka sikio akasema halina moyo. Kwamba kile kigumu kilikuja asubuhi ya kesho yake. Nilipomaliza Kiingereza changu chote, Mama akaniuliza, "Umesema nini mingi hivyo? Mimi nilisema neno moja."

Usikate, usiongeze. Nikageuka, nikamtafsiria Mama maneno yangu mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alikaa ameshika begi lake mapajani kwa mikono miwili. Daktari hakungoja tumalize. Alimwomba Zulfa, si mimi, kwa ishara ya mkono, amwonyeshe. Na Zulfa, aliyekuwa amekataa kuguswa na kila mtu mwenye koti jeupe, akatoka nyuma ya kiti, akapanda kitandani, akajilaza chali, akaning'iniza kichwa ukingoni kama mtu wa kazi. "Yaya, hesabu," alisema.

Nilihesabu kwa sauti. Daktari alipiga magoti sakafuni, uso wake karibu na wa Zulfa, akaangalia. Mama alisimama, akageukia ukuta.

Kumi na tano ilitosha. Daktari akamwinua kichwa kwa viganja viwili, na alipotabasamu nilijua hatakata.

Mchana uleule walimpaka mafuta baridi shavuni, wakampitishia mashine ya picha, ile wanayowapima nayo wajawazito. Daktari akafungua sauti ya mashine. Nilitegemea kusikia tup-tup. Kimya. Nikafikiri mashine imeharibika, au nimemuua Zulfa na anaongea kwa mazoea tu. Kumbe kimya ndicho walichokuwa wanakitafuta. Daktari akabonyeza kidogo pembeni, ikasikika fyuuu, kama mtu anayepuliza chai, halafu kimya tena.

Muuguzi alikuwa amerudi, lakini Mama alisema, "Shabani atasema." Kwa hiyo haya ni maneno ya daktari vile yalivyotoka. Zulfa alizaliwa na mishipa iliyojengeka vibaya sehemu moja, ile inayorudisha damu moyoni. Imekaa kama sifongo. Kichwa kikishuka inajaa, kikipanda inamwaga. Ingekuwa mishipa inayotoka moyoni tungesikia inadunda, na hiyo ni habari nyingine, ngumu zaidi. Damu ikilala mle muda mrefu huganda, ikawa kama kokoto, na hilo ndilo lililokuwa linauma. Alama alizozisema yule muuguzi wa zamani zipo kweli, huja baada ya mtoto kuzaliwa, hukimbia kukua halafu huisha zenyewe. Hii si hiyo. Hii haiishi yenyewe, hukua na mwenyewe. Haikuletwa na chakula alichokula mama, wala jicho la mtu.

"Wala wewe," aliniambia. "Hukuisababisha. Lakini usirudie."

Hilo la mwisho nililitafsiri kwa sauti ndogo.

Mama alilikaza begi lake mapajani. Halafu akasema, "Muulize. Kama muntu angemuchanja na wembe pale. Na pembe."

Niliuliza. Daktari alimjibu akimtazama yeye, kana kwamba mimi ni dirisha tu. "Mwambie: damu ingetoka kwenye sifongo lote, na kijijini hakuna wa kuisimamisha."

Nilimwambia. Mikono ya Mama ikaliachia begi, likaanguka, na machungwa tuliyomletea daktari yakabingirika mpaka chini ya kitanda. Tuliyaokota sote, tumepiga magoti.

Siku ya sindano

Tulingoja zamu Biryogo mpaka nikajifunza kusukuma chapati. Wakampiga picha nyingine kubwa, wakampima damu. Kisha wakasema: atalazwa usingizi, na kwa sindano nyembamba, wakiangalia kwenye mashine, watamtia dawa ndani ya ile mishipa ili ijifunge. Hakuna wembe. Lakini asile kitu asubuhi.

Nilimwahidi Zulfa nitafunga naye. Nilifunga kwa uaminifu mkubwa mpaka Mama Mdogo alipogeuza chapati ya kwanza. Nililia ndani ya choo, na msiniulize kama nilikuwa nalia kwa huzuni au kwa moto wa chapati mdomoni. Kwenye benchi la hospitali Zulfa alivuta mkono wangu, akanusa.

"Umekula."

"Kidogo."

"Basi utahesabu weye, mimi nilale."

Alichukuliwa akiwa bila mtandio, wamemvika kofia ya karatasi. Watu wote wa ukumbi waliliona shavu lake. Hakuna kilichokua. Mama alitembea pembeni ya kitanda chenye magurudumu mpaka kwenye mlango wanaposimamisha wazazi. Nikamsikia anasoma dua, nikamsikia ameisahau katikati na kuanza upya. Mimi nilihesabu. Nilifika elfu nne na kitu, nikapotea, nikaanza tena.

Alirudi na shavu mara mbili ya lile la mwanzo. Daktari alikuwa ametuonya: litavimba kwanza, siku nyingi, ndipo lipungue. Kuonywa hakusaidii sana unapomwona. Alituambia pia tusijidanganye. Itahitaji sindano nyingine, huenda mbili, huenda tatu, na huenda kidogo kikabaki maisha yote. "Kazi yetu," alisema, "ni kisimuume na kisimzuie." Kwa sasa alale kichwa kikiwa juu, asiiname, asipinduliwe na mtu yeyote. Hapo alinitazama. Baada ya wiki sita, kabla ya kurudi kwake, tumwinamishe taratibu, mara moja, tuangalie limejaa kiasi gani, tumpe jibu.

Kurudi

Barabara ya Nyungwe ilikuwa imefunguliwa, udongo mwekundu umesukumwa pembeni. Tumbili mwenye ndevu hakuwepo, labda anasahihisha. Zulfa alilala kifuani kwangu, ameketi wima kama walivyoagiza, na kila kona nilimshika paji la uso.

Mama hakuwa amenisemesha juu ya jambo lile tangu chumba cha daktari. Alisema "chukua begi", "funga dirisha", "mpe maji". Nilijaribu mzaha mmoja Huye, kuhusu mbuzi. Ukaanguka. Tulipofika gare ya Kamembe jua likiwa bado juu, Papa alituuliza, "Shabani alisema vizuri?" Mama akajibu, "Alisema yote." Papa akafurahi. Hakujua.

Nyakabuye hatukwenda. Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi ilipita, nikamwona Mama anachambua maharage mlangoni, akiyaangalia moja moja.

Nanyi mlikuja na maandazi yenu, nikawaambia sirki imefungwa, mkanikasirikia. Sasa mnajua kwa nini. Wiki zilikwenda. Uvimbe ulipungua kuliko ulivyokuwa mwanzo, lile harage likayeyuka, Zulfa akaanza kutafuna mahindi ya kuchoma upande wa kushoto makusudi, mbele yangu, kwa kelele. Kila siku nilingoja kipigo changu na hakikuja. Nilifika mahali pa kukitamani.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala ya mchana, Mama aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amesimama kwenye ukuta mfupi wa bafu. Nikajua ni leo, nikavua saa mkononi isije ikavunjika. Kisha nikamwona Zulfa amekaa juu ya ukuta, anapunga miguu. Mtandio wake wa kijani ulikuwa umefungwa nyuma ya masikio, uso wote nje, mashavu yote mawili juani.

Na Mama alisema hivi, sikukata, sikuongeza:

"Shabani. Miaka sita nimeogesha huyu mutoto naangalia ukuta. Weye uliangalia. Uliangalia na upumbavu yako yote, lakini uliangalia. Wiki sita zimeisha. Muinamishe, polepole, hesabu mpaka kumi tu. Na mimi nione."